Baridi ya Kanada na Viatu vya Ndugu Yangu



Tangu niliporudi kutoka Kanada, watu wananiuliza swali moja. Hawaulizi nilisoma nini, wala nilisali wapi. Wanauliza: «Mwalimu, baridi ile uliivumilia namna gani?» Wakatekumeni wananiuliza, wazee mbele ya mlango wa kanisa wananiuliza, hata Padri Mkuu ameniuliza mezani. Zamani nilikuwa na jibu la upesi. Nilisema: «Baridi ni jambo la moyo. Mwenye moyo huvumilia.» Leo sisemi hivyo tena, na katika karatasi hii nataka kuwaeleza sababu yake.

Mimi ni mtoto wa vilima vya Butembo. Kwetu watu wanajua baridi kidogo. Asubuhi ukungu unafunika mashamba, na wazee hawaendi Misa ya kwanza bila triko. Tena, ukishuka upande wa Beni na Mutwanga siku ya mbingu safi, unaweza kuona weupe juu ya milima ya Ruwenzori, ambayo kilele chake kinachoitwa Margherita kina urefu wa mita 5109. Nilipokuwa mtoto nilitazama weupe ule, nikadhani ninaijua theluji. Kumbe kuitazama kwa mbali si kukanyaga ndani yake.

Nilisoma miaka kadhaa katika Seminari Kubwa. Halafu, pamoja na wakubwa wangu, nilitambua kwamba Mungu ananiitia ndoa na kazi ya ukatekista. Katika mwaka wa 2016 nilitumwa Québec kujifunza mambo ya katekesi. Nilikaa huko misimu miwili ya baridi.

Theluji ni kitu gani?

Theluji ya kwanza ilianguka usiku, katika mwezi wa kumi na moja. Nilipoamka, nilidhani nimekuwa kiziwi, maana mji wote ulikuwa kimya. Magari yalipita bila sauti. Nilifungua dirisha, nikaona kila kitu kimevikwa nguo moja nyeupe: nyumba, miti, hata sanamu ya Bikira Maria uani. Nilishuka mbio kama mtoto, nikaishika mkononi. Ni nyepesi kama manyoya ya kuku. Lakini ikikusanyika, mtu anatoka jasho kwa kuisukuma kwa beleshi. Katika mji wa Québec theluji inayoanguka msimu mzima, ukiipima na kuijumlisha, inafika karibu mita 3. Wanaiondoa barabarani kwa mashine kubwa, wanamwaga chumvi ili barafu iyeyuke, na baridi ikizidi sana hata chumvi haifai, basi wanamwaga mchanga na changarawe.

Nilijifunza jambo moja la kushangaza: siku ya theluji nyingi si siku ya baridi kuliko zote. Baridi kali sana huja siku ambapo mbingu ni safi na jua linang'aa. Mtu wa Butembo akitazama dirishani atasema: «Leo ni siku nzuri ya kuanika mihogo.» Akitoka nje, pua inashikwa kutoka ndani, machozi yanaganda kwenye kope, na theluji inalia chini ya viatu. Kipimo kinaonyesha digri 28 chini ya zero. Na upepo ukivuma, mambo yanazidi. Mwili wetu hujitengenezea hewa ya moto kidogo juu ya ngozi, kama shuka nyembamba. Upepo unaiba shuka ile. Ndiyo maana watu wa Kanada wanahesabu pamoja baridi na upepo: digri 20 chini ya zero, pamoja na upepo wa kilometa 30 kwa saa, mwili unazisikia kama digri 33 chini ya zero.

Mzee aliyetunza sakristia ya parokia yetu ndiye aliyenifundisha kuvaa. Aliniambia: «Mwanangu, usivae koti moja zito. Vaa nguo tatu, moja juu ya nyingine. Ya kwanza ikauke upesi, ya pili ishike joto, ya tatu izuie upepo. Na viatu viwe vikubwa kidogo, ili vidole vicheze.» Aliniambia pia: «Ogopa jasho kama unavyoogopa baridi, kwa sababu nguo yenye maji haikulindi tena.» Nilifuata maneno yake yote.

Waliotangulia

Tulisoma pia habari za wazungu wa kwanza waliofika katika nchi ile. Jacques Cartier na mabaharia wake walikaa hapo katika msimu wa baridi wa 1535 na 1536. Merikebu zao zilishikwa na barafu miezi mingi. Ugonjwa wa kuvimba ufizi na kuoza miguu uliua watu 25. Wengine waliponyeshwa na wenyeji, ambao waliwaonyesha mti fulani, wakachemsha majani na maganda yake, wakanywa. Katika mwaka wa 1608 Samuel de Champlain alijenga kituo cha Québec. Watu 28 waliingia katika baridi ile. Masika yalipofika, walibaki 8 tu. Hawakufa kwa baridi yenyewe. Waliuawa na magonjwa katika nchi ambayo hawakujua kuishi ndani yake.

Tena kuna Padri Paul Le Jeune, Mjesuiti. Katika msimu wa 1633 na 1634 alifuatana na Wainnu katika misitu walipokuwa wakiwinda. Aliandika kwamba mateso yake makubwa yalikuwa baridi, moto ulio karibu mno, moshi, na mbwa waliolala juu yake ndani ya kibanda. Wainnu walijua kuishi pale, yeye hakujua. Walimlisha na kumwongoza, naye akarudi mzima, ingawa alikuwa mgonjwa.

Nilisoma habari hizi, nikawafundisha wengine, lakini mimi mwenyewe sikuzisikia. Nilisifu uhodari wa wale wageni. Sikuona kwamba waliopona walisaidiwa.

Majivuno yangu

Katika msimu wa pili nilikuwa nimezoea. Nilikwenda kanisani kwa miguu, mwendo wa dakika 20, hata siku ambapo wenyeji walipanda magari. Waumini walinisifu: «Tazameni Mwafrika huyu, ana nguvu kutushinda!» Maneno yale yalikuwa matamu. Nilianza kuwaambia wenzangu wa Afrika waliotetemeka: «Baridi ni jambo la moyo.»

Mwisho wa mwaka wa 2017 na mwanzo wa 2018, baridi kali sana ilishika upande wote wa mashariki wa Kanada kwa siku nyingi mfululizo. Palikuwa na ndugu mmoja wa kwetu, aliyetoka katika kambi ya wakimbizi pamoja na mke na watoto wake. Tulimwita Baba Mapacha, kwa sababu watoto wake wawili wa kwanza ni mapacha. Mimi ndiye niliyewafundisha wale mapacha kwa ajili ya Komunyo ya kwanza. Baba huyu alikosa Misa Dominika tatu. Nilimpigia simu, nikamsemesha kama mwalimu anavyomsemesha mtoto mvivu:

«Baba, mimi nami ni mtu wa kwetu, na ninafika kila Dominika. Wamisionari walitembea siku nyingi kwa miguu ili kutuletea Injili. Wewe unashindwa na baridi ya nusu saa?»

Alinyamaza kwanza. Halafu akajibu: «Una haki, Mwalimu. Nitakuja.»

Dominika iliyofuata alikuja, peke yake. Nilimwona akiketi nyuma, nikafurahi. Nilisema moyoni: tazama, neno kali limefanya kazi. Baada ya Misa watu walitoka, lakini yeye hakusimama. Nilidhani anasali. Mzee wa sakristia ndiye aliyemkaribia na kutazama chini. Aliniita kwa sauti ambayo sijaisahau.

Baba Mapacha alikuwa amevaa viatu vya kitambaa, vile vya kuchezea mpira. Ndani yake alikuwa na soksi mbili na mfuko wa plastiki. Otobisi za Dominika ni chache. Moja ilikuwa imempita, akasimama kuingoja nyingine muda mrefu katika upepo. Tulipomvua viatu, vidole vya mguu wa kushoto vilikuwa vigumu, vyenye rangi ya majivu. Nilivishika, nikamwuliza kama anasikia mkono wangu. Alisema: «Hapana.»

Nilitaka kuvisugua kwa nguvu. Mzee alinizuia. Kusugua kunaharibu nyama, na kumweka mtu karibu na moto ni hatari, kwa maana hasikii akiungua. Tulileta beseni la maji ya vuguvugu, yasiyozidi joto la mwili ila kidogo. Damu iliporudi, mtu yule mzima aliuma mkono wa koti lake ili asipige kelele kanisani. Halafu mzee alimpeleka hospitali kwa gari lake. Kwa neema ya Mungu hawakumkata kidole hata kimoja, lakini ngozi ilitoka malengelenge ikabambuka, na kwa majuma kadhaa hakuweza kufanya kazi yake. Alikuwa akisafisha ofisi usiku.

Jumatatu nilikwenda kwake kuomba msamaha. Mlangoni niliona mabuti mazuri ya baridi, pea tano: ya mama, ya mapacha, ya wadogo wawili. Ya baba hayakuwapo. Nilimwuliza: «Kwa nini hukuniambia kwamba huna viatu?» Alinijibu kwa upole: «Mwalimu, mzungu ningemwambia. Wewe ni mtu wa kwetu, niliona haya mbele yako.»

Wasomaji wapenzi, sijapata kusikia hubiri kali kuliko lile. Njiani nilitazama miguu yangu. Mabuti niliyovaa nilipewa katika nyumba nilimokaa, kabla ya theluji ya kwanza kuanguka. Koti nilipewa. Kofia ya sufu na glavu nilipewa na mama mmoja mzee wa parokia. Chumba changu kilikuwa na joto, na chakula kilikuwa tayari kila saa sita. Sikununua hata kitu kimoja katika vile vilivyonilinda. Uvumilivu niliojivunia ulikuwa umeshonwa na mikono ya wengine, nami nikaufanya fimbo ya kumpigia ndugu yangu.

Tena miili haifanani. Mwili unapopoa huita damu yake irudi ndani kulinda moyo, huacha vidole, masikio na pua. Mwenye njaa, mwenye uchovu, mvuta tumbako, hushikwa upesi zaidi. Madaktari wa majeshi wameandika kwamba askari wa asili ya Afrika wamejeruhiwa na baridi mara nyingi kuliko wenzao. Kuzoea kunasaidia kidogo, lakini hakuna moyo unaoweza kuamrisha damu iende katika kidole.

Baadaye tulikusanya makoti na mabuti parokiani. Mzee wa sakristia alitoa shauri jema: vitu viwekwe katika chumba cha chini ya kanisa, mlango uwe wazi, wala mtu asiandikwe jina. Tulifanya hivyo. Mwisho wa juma la pili nusu ya mabuti ilikuwa imeondoka, na sikumwona aliyechukua hata mmoja.

Mafundisho niliyoyaleta nyumbani

Mtume Yakobo anawakemea wale wanaomwambia mtu asiye na nguo aende kwa amani akaote moto, nao hawampi kitu. Mara ngapi nilikuwa nimefundisha maneno hayo! Na Mtakatifu Martino, alipokuwa askari bado, alimkuta maskini kwenye mlango wa mji wa Amiens katika baridi kali. Hakumfundisha uvumilivu. Alikata joho lake vipande viwili, akampa kimoja. Naye wakati ule alikuwa katekumeni tu, hajabatizwa. Mimi niliyesoma teolojia nilishindwa na katekumeni.

Wazee wetu wa Kiswahili wamesema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hapa kwetu hakuna theluji, lakini kuna mvua ya mwezi wa kumi, kuna matope, kuna mama anayeshuka kutoka kilimani na mtoto mgongoni, akafika wakati wa Injili. Zamani nilimtazama kwa jicho kali. Kuna mtoto anayesinzia katika katekismo, nilimgonga kichwani. Sasa, kabla ya kufungua kinywa, ninatazama miguu yake. Mara nyingi miguu inanieleza yote, na neno kali ninaliacha.

Msidhani kwamba ninaichukia baridi ile. Wale vijana watatu katika tanuru waliiita hata theluji na barafu zimsifu Mungu, na mimi nimeziona zikimsifu. Asubuhi nyingine, ukungu unapofunika vilima vyetu na kila kitu kinanyamaza, ninaikumbuka kwa upendo.

Basi, mkiniuliza tena: «Mwalimu, baridi ile uliivumilia namna gani?» nitawajibu kwa maneno mawili tu: Nilivikwa nguo. Nawe, msomaji mpenzi, ukiona umesimama imara pale ambapo mwenzako anaanguka, umwulize kwanza kwa upole kama ana viatu.