Fimbo Iliyopinduliwa

Wenzangu kijiweni wakiiona picha ya Louis wa 14, mfalme wa Ufaransa, ile aliyoichora Hyacinthe Rigaud mwaka 1701, hucheka. "Huyu na wigi lake na visigino vyekundu, ndiye mkubwa gani?"

Ndiye hasa, jamani. Joho limejaa maua ya dhahabu, ndani manyoya meupe. Kiunoni upanga wa kutawazia wafalme. Sawa, lakini jicho langu huenda kwenye taji. Hajalivaa! Limewekwa pembeni, juu ya mto, kama kofia ya mtu aliyekwisha fika kwake. Na fimbo ya enzi ameipindua kichwa chini, anaiegemea kama bakora ya matembezi. Vitu ambavyo wengine wangevipigia magoti, yeye anavizoea tu. Hapo ndipo ninapouona ukubwa. Hizo dhahabu hata tajiri angeshonesha.

Uso ni wa mzee aliyepita miaka 60, mashavu yamelegea. Miguu je? Ya kijana mcheza dansi, naye ujanani alicheza kweli. Rigaud aliuacha uzee usoni, akauzuia usishuke. Picha ilikusudiwa mjukuu wake, Philip wa 5 wa Hispania, lakini mfalme aliipenda mno akabaki nayo.

Katika riwaya ninayoandika yumo bwana mmoja mwenye mabasi. Simpi makelele wala pete. Amekaa kivulini, anajipepea kwa leseni za madereva wake, nao wamesimama wanazitazama zinavyokwenda na kurudi.