Hiari ya Yasmin

Wako wasomaji wengi waichukuao Vuta N'kuvute, riwaya ya Adam Shafi iliyotolewa mwaka 1999, kuwa ni sifa ya mchanganyiko wa watu wa Unguja. Binti wa Kihindi ampenda kijana wa Kiafrika, kuta za ukabila zabomoka, basi hadithi imekwisha. Maelezo hayo si ya uongo, lakini ni mepesi mno. Waunguja hawakuhitaji riwaya iwafundishe kuchanganyika. Wabara, Wangazija, Wahadhrami na watu wa Kachi walikwisha kuuziana, kukopeshana na kuzikana zamani, kabla Yasmin hajatungwa.

Katika miaka ya 1950, ambamo hadithi hii imewekwa, mchanganyiko huo ulionekana wazi penye majumba ya sinema. Filamu za Kihindi kama Awaara ya mwaka 1951 na Mother India ya mwaka 1957 zilipendwa na watu wa kila asili, na wengi miongoni mwao hawakujua Kihindi ila maneno ya nyimbo. Aghalabu kisa kilikuwa ni cha mapenzi yanayozuiwa na wazazi. Watu walilia pamoja gizani. Taa zikiwashwa, baba aliyefuta machozi yake alirejea nyumbani kumtafutia bintiye mume wa jamaa yake mwenyewe. Mpaka uliokuwa hai haukuwa wa duka wala wa baraza. Ulikuwa mpaka wa ndoa, ukalindwa kwa neno fupi: kufu. Tena ulimbana mwanamke kuliko mwanamume, kwani mwana wa kiume aliyeoa chini yake alisamehewa upesi.

Hapo ndipo Adam Shafi alipoweka kidole. Bwana Raza ni kufu ya Yasmin kwa vipimo vyote vya wazee: ni Mhindi mwenziwe, ana duka, ana heshima mtaani. Lakini umri wake ni wa kumzaa, na msichana hakuulizwa. Atorokapo, jamaa zake wamfungia mlango, na mlango umfungukiao ni wa Mwajuma, mwanamke maskini wa Ng'ambo mwenye sauti ya kuimba. (Wahakiki humtaja Denge kwanza, kwa kuwa ana siasa na polisi wa Kiingereza wamwandama, lakini bila ya chumba cha Mwajuma pasingekuwa na riwaya.) Mwajuma hamwulizi Yasmin asili yake wala hamtafutii mchumba wa kumfaa. Ampa mahali pa kulala, na kuamua amwachia mwenyewe.

Thamani ya jambo hilo haipimiki vema bila ya kukumbuka yaliyotukia Unguja miaka sita baada ya Mapinduzi. Mwezi wa Septemba 1970 wasichana wanne wenye asili ya Kiajemi waliozwa kwa nguvu watu wa Baraza la Mapinduzi. Waliolitetea tendo hilo walisema kwamba zamani wanawake wa Kiafrika walifanywa masuria, na kwamba sasa ubaguzi wa ndoa unavunjwa. Dhuluma ya usuria ilikuwa kweli. Lakini wasichana wale wanne hawakuulizwa, kama Yasmin asivyoulizwa alipopewa Raza. Mzee alindaye kufu na mtawala aivunjaye kwa amri wote wawili wamemshika msichana mkono. Mwandishi aliyewahi kuonja jela ya Unguja baada ya mwaka 1972 hakuwa mgeni wa nguvu ya namna hiyo.

Mwaka 2021 Amil Shivji aliifanya riwaya hii filamu, ikaonyeshwa katika tamasha la Toronto. Ni filamu nzuri ya kutazamwa, nayo imeyaweka mbele mapenzi ya Yasmin na Denge pamoja na harakati za ukombozi. Jina lake la Kiingereza, Tug of War, lataja mchezo wa kamba tu, hali Kiswahili chasikika kama mtu asemaye na mwenziwe: vuta, nami nikuvute. Mtazamaji asiyesoma kitabu aweza kutoka akidhani kwamba uhuru wa Yasmin ni Denge. Kitabuni Denge huondoka nchini akikimbia serikali, na Yasmin hubaki. Baadaye huolewa na Bukheti, mtu waliyejuana safarini melini, na safari hii jibu la posa latoka kinywani mwake.