Acha Kuomba Klasta Nzima

Wiki hii sina story ya simu mpya wala bando. Nataka tuongee kuhusu mistari mitano hivi inayokaa juu kabisa ya skripti, ile ambayo watu wengi wanakopi kutoka kwa mwenzao bila kuisoma. Inaanza na #SBATCH. Kama uko chuo na unasoma mambo ya jeni, hali ya hewa au hizi modeli za AI, utakutana nayo. Kama bado uko fomu four, soma tu, itakufikia.

Kwa wale wageni: klasta ni kompyuta nyingi zilizounganishwa, kila moja inaitwa nodi, na hakuna mtu anakaa mbele yake. Wewe uko Kabianga au Bomet na laptopu yako imefungwa selotepu, unaingia kwa intaneti, unaacha kazi yako kwa foleni, unaenda zako. Anayepanga hiyo foleni ni programu inayoitwa skedula. Maarufu zaidi ni Slurm. Ilianzia maabara ya Lawrence Livermore kule California, mwanzoni mwa miaka ya 2000, na leo inaendesha nyingi kati ya kompyuta kubwa zaidi duniani. Hapa kwetu, ILRI pale Kabete, wale watu wa utafiti wa mifugo, wana klasta inayotumia Slurm hiyo hiyo. Cape Town kuna Lengau, iliyozinduliwa 2016, jina lake ni duma kwa Kitswana. Hiyo inatumia PBS, amri zake ni tofauti, lakini maswali ni yale yale matatu. Unataka viini vingapi vya prosesa? Memori kiasi gani? Kwa muda gani?

Na hapo kwa maswali matatu ndipo watu wanadanganya. Si kwa ubaya. Wanadanganya kwa uoga.

Nitakupa mfano wa binamu yangu, na amenikubalia. Anafanya masters, anachunguza DNA ya aina tofauti za chai. Mnajua Kericho ndipo ilipotoka ile chai ya zambarau, TRFK 306, iliyotolewa kwa wakulima 2011. Sasa yeye ana sampuli 48 za michai, na kila moja lazima ilinganishwe na jenomu nzima ya chai. Hiyo jenomu ina herufi takriban bilioni 3, karibu sawa na ya binadamu. Ndiyo, kale kamti unakoona ukipita barabara ya Litein. Laptopu yake ingekufa.

Akapata akaunti kwa klasta moja ya kushirikiana. Akaomba skripti kwa mkubwa wake wa maabara, akabadilisha majina ya faili, akatuma. Juu ilikuwa imeandikwa siku saba, viini 64, gigabaiti 250. Yule mkubwa alikuwa anaunganisha jenomu kutoka sufuri, kazi ambayo kweli inakula memori kama ng'ombe kwa napia. Binamu yangu alikuwa na kazi ndogo ndogo 48.

Siku ya kwanza, squeue inasema PD, yaani inangoja. Ya pili, PD. Ya tatu, PD. Akaamini klasta imeharibika. Siku ya nne nilikuwa kwao, na shangazi akauliza, "Hiyo kompyuta bado inafikiria?"

"Haijaanza, shangazi. Iko kwa foleni."

"Foleni ya siku nne? Majani yangu yangekaa kwa kituo siku nne si yangeungua."

Shangazi hakuwa anatania. Ni mtu wa KTDA, anapeleka majani kituoni, na karo ya kijana inatoka kwa bonasi ya Oktoba. Bonasi ya upande wetu mnaijua ilivyo, tusifungue hiyo sufuria. Muhula mmoja zaidi chuoni ni karo ingine, na hiyo karo haikuwa kwa mpango. Kwa hivyo ukisikia "mipangilio ya kazi kwa skedula" usidhani ni mambo ya ma-nerd peke yao.

Klasta haikuwa imeharibika. Alikuwa ameomba nodi nzima, tupu kabisa. Kila nodi ilikuwa na mtu fulani na kakazi fulani, na tupu haikupatikana.

Lakini kuna sehemu ingine tamu zaidi, ile ya muda. Fikiria matatu inatoka Kericho kwenda Bomet. Familia ya watu tisa iko Kapkatet, wanaenda harusi, wamepiga simu na kulipia viti tisa. Kondakta mjanja hatoki Kericho na viti tisa vitupu. Anauliza kila anayetaka kupanda: unashuka wapi? Anayesema Litein anaingia, kwa sababu Litein ni kabla ya Kapkatet. Akishuka, kiti kinarudi. Anayesema "sijui, labda Bomet" anaachwa stegi, hata kama ukweli ni kwamba naye anashuka Litein.

Skedula inafanya hivyo hivyo. Kazi kubwa iliyo mbele inawekewa nafasi yake, saa fulani. Wakati nodi zinasubiri hiyo saa ifike, zile kazi ndogo zinazoahidi kumaliza kabla zinapenyezwa katikati. Na hazipenyezwi kwa huruma. Zinapenyezwa kwa sababu umeandika saa moja. Ukiandika siku saba, nani atakupatia pengo la siku saba usiku wa Jumanne?

Kuna tofauti hapa ambayo naona watu hawaitilii maanani. Ukizidisha muda, unayeumia zaidi ni wewe, kwa sababu kazi ikimaliza mapema nodi inaachiliwa palepale. Lakini ukizidisha memori na viini, unaumiza wengine. Gigabaiti 250 zikishaandikwa jina lako, zimefungwa mpaka umalize, hata kama unatumia 9. Mtu mwingine yuko kwa foleni, pengine naye ana mama na bonasi, na wewe umekalia viti ambavyo huvikalii. Hiyo kwangu si ujanja. Ni kama yule msee anaweka begi kwa kiti cha matatu halafu anajifanya amelala.

Wengine mtasema, "Mimi siandiki kitu, naacha iamue yenyewe." Manze, hiyo ni mbaya zaidi. Kwa Slurm, usipoandika muda, unapewa ule wa kawaida uliowekwa na msimamizi. Kama hakuweka wowote, unapewa muda mrefu kabisa unaoruhusiwa kwa hilo kundi la nodi. Kwa memori pia, kama hakuna kiwango kilichowekwa, kazi yako inaweza kuhesabiwa kama imeomba memori yote ya nodi. Kwa hivyo kunyamaza si unyenyekevu. Umenyamaza na umeomba kila kitu.

Halafu kuna kundi la pili, na hili nalijua vizuri kwa sababu limejaa watu wa kwetu. Watoto waliolelewa kuambiwa usisumbue watu. Hawa wanaomba kidogo mno. Dakika kumi. Gigabaiti mbili. Kazi inaanza haraka, anafurahi, halafu saa tisa usiku inauawa. Muda ukiisha skedula haibembelezi: inaiambia programu ijifunge, inaipa sekunde chache, halafu inaikata. Asubuhi unakuta TIMEOUT, au OUT_OF_MEMORY kama ni memori. Zile saa zote ambazo viini vilifanya kazi zimemwagika. Hapo pia umesumbua watu, tena zaidi.

Na jua hili: kazi ikishaanza, wewe mwenyewe unaweza kupunguza muda wake, lakini kuuongeza huwezi. Msimamizi anaweza. Mwandikie, kwa heshima, na umwandikie mapema, si dakika tano kabla. Wengi wetu tunaogopa kumwandikia msimamizi kama vile ni chifu. Ni mtu tu. Barua pepe yenye namba ya kazi na sababu inamsaidia.

Sasa dawa. Na dawa ni ya kuchosha kidogo: pima kwanza. Chukua sampuli moja kati ya 48. Iombee kwa ukarimu, maana bado hujui, masaa matatu na gigabaiti 32. Ikimaliza, uliza skedula ilitumia nini hasa:

sacct -j namba_ya_kazi --format=JobID,Elapsed,MaxRSS,State

Elapsed ni muda uliopita. MaxRSS ni kilele cha memori, na utaiona kwa ule mstari wenye .batch, si ule wa kwanza. Klasta zingine zina amri ya seff inayokupa muhtasari msafi zaidi. Binamu yangu alipata dakika 38 na kama gigabaiti 9, kwa viini 8. Angalia hiyo, halafu uangalie siku saba na gigabaiti 250.

Ongeza nafasi ya kupumua. Mimi napenda kama theluthi juu ya kipimo, kuna watu wanapenda mara mbili, na sitagombana na mtu kwa hilo. Sampuli hazilingani, na siku ingine diski inakuwa polepole kwa sababu kila mtu anaisoma. Yake ikawa hivi:

#SBATCH --time=01:00:00
#SBATCH --mem=12G
#SBATCH --cpus-per-task=8
#SBATCH --array=1-48%6

Huo mstari wa mwisho ndio naupenda. Badala ya kazi moja kubwa, ni kazi 48 zenye skripti moja, kila moja na namba yake. Hiyo %6 inasema zisiende zaidi ya sita kwa wakati mmoja. Sita mara viini 8 ni 48, lakini haziombi viini 48 mahali pamoja. Moja inaingia nodi hii, ingine ile, popote palipo na nafasi. Zikienda sita sita bila kusimama, ni mizunguko minane, masaa matano na kitu. Na ile asilimia ni adabu. Klasta nyingi huhesabu pia umetumia kiasi gani siku za karibuni, na ukiwa umekula sana unarudishwa nyuma ya foleni.

Mitego michache kabla sijasahau, kwa sababu hii ndiyo inatoa watu machozi. --time=2:30 si masaa mawili na nusu. Ni dakika mbili na sekunde thelathini. Ukitaka masaa, andika 02:30:00. --mem=16 bila herufi G ni megabaiti 16, haitoshi hata picha ya status. Mistari ya #SBATCH ikikaa chini ya amri ya kwanza ya skripti, inapuuzwa, na hakuna mtu atakuambia. Na kuomba viini 8 hakufanyi programu ivitumie. Lazima uiambie yenyewe. Kwa bwa, kwa mfano, ni bwa mem -t $SLURM_CPUS_PER_TASK. Usipoiambia, kiini kimoja kinalima na saba vinatazama, kama vibarua wa mjomba.

Kuna msee aliniuliza, kwani kupima si ni kupoteza muda, deadline iko karibu? Nikamuuliza alichotuma kiko kwa foleni tangu lini. Akasema Ijumaa. Tulikuwa Jumatano.

Binamu yangu alifuta ile kazi ya siku saba kwa scancel, roho ikimuuma kidogo, kwa sababu ukishangoja siku nne unaona kama una mali hapo. Akatuma ile ya mafungu saa mbili usiku. Sita za kwanza zilianza kabla hajafunga laptopu. Asubuhi, 47 zilikuwa zimemaliza. Sampuli ya 31 ilikuwa imekufa kwa memori, data yake ilikuwa nzito kuliko zingine. Hakugusa skripti. Aliandika sbatch --array=31 --mem=20G na jina la faili, maana unachoandika kwa amri kinashinda kilicho ndani ya skripti, na ikamaliza kabla ya chai ya saa nne.