Vitunguu vya Uwanda wa Perkerra

Msafiri atokaye Nakuru kuelekea kaskazini huteremka kilomita 100 hivi hata afike Marigat, katika uwanda wa joto ulio kati ya Ziwa Bogoria na Ziwa Baringo. Magharibi yake vimesimama vilima vya Watugen, na mto Perkerra hutoka katika msitu wa Mau. Kazi ya kuyageuza maji yake yaingie mashambani ilianza 1954, wakati wa Hali ya Hatari, kwa mikono ya watu waliowekwa kizuizini. Kwa miaka mingi kitunguu kilikuwa mojawapo ya mazao makuu hapa, kabla ya mahindi ya mbegu kushika nafasi yake katika miaka ya 1990.

Mgeni aonapo mifereji aweza kudhani kwamba penye maji hakuna majira. Sivyo. Mvua ya huku hunyesha zaidi Aprili hata Agosti, na kitunguu, ambacho hupenda maji kikiwa kichanga, huyachukia kikisha komaa. Mvua ikikikuta majani yamekwisha lala, huoza palepale. Kwa hiyo mkulima mwangalifu huhesabu kuanzia mwisho: ataka kuvuna Januari au Februari, jua likiwa kali, basi ahamishe miche Oktoba, na kwa kuwa miche hukaa kitaluni majuma 6 hata 8, mbegu isiwe mwezi wa Agosti. Nayo mbegu iwe ya aina itungayo kichwa siku ikiwa na saa 12 tu, kama Red Creole. Zile za Ulaya zingojazo siku ndefu hutoa majani mazuri, na majani hayajazi gunia.

Kisha kuna nafasi, na hapo ndipo tamaa humponza mtu. Kwa inchi 12 kati ya mistari na inchi 4 kati ya miche, ekari iliyojaa huchukua miche zaidi ya 130,000. Abanaye hata inchi 2 huenda akapata uzito mkubwa zaidi, lakini vichwa ni vidogo, na majani yaliyosongamana hukawia kukauka, ukungu ukaingia. Aachaye inchi 8 hupata vichwa vikubwa vichache, vyenye shingo nene zisizokauka upesi, na magugu hushukuru.

Februari vitunguu huanikwa kivulini, chini ya migunga. Mnunuzi mzoefu hubonyeza shingo kabla ya kuuliza bei.