Nguvu ya Kijiji Hupimwaje?

Mgeni afikaye Kisangani, mji mkuu wa jimbo la Tshopo katika Kongo, hakosi kupelekwa penye maporomoko ya Wagenia. Hayo ndiyo ya mwisho katika maporomoko 7 ya Boyoma, yafuatanayo mtoni kwa mwendo wa kilometa 100 hivi. Hapo twaona miti mikubwa iliyofungwa kwa kamba za msituni na kusimikwa katika matundu ya mwamba. Chini yake imening'inizwa migono mipana, nayo yameza maji ya kasi pamoja na samaki wake.

Tukiitazama kazi hiyo, twajiuliza: je, utajiri wa watu hawa wahesabiwa namna gani? Mwenye kuhesabu fedha tu ataandika kwamba ni maskini. Lakini mti ule hausimikwi na mtu mmoja. Mto ukifurika huing'oa miti, na jamaa hukusanyika kuisimamisha upya. Umoja huo haumo katika daftari. Hata hesabu ya watu wenyewe, iliyofanywa katika Kongo nzima mwaka 1984, haikurudiwa kwa miaka zaidi ya 35.

Mbali huko Asia, Bhutan, nchi ndogo ya milima, imejaribu njia nyingine. Mwaka 2010 wenyeji waliulizwa juu ya mambo 9: maisha ya nyumbani, afya, elimu, na pia ujirani, yaani kama mtu huwaamini jirani zake na kuwasaidia wengine.

Maswali hayo yafaa Tshopo pia. Mwaka 2023, huko Lubunga, upande wa kushoto wa mto, Wambole na Walengola, majirani wa miaka mingi, walipigana kwa ajili ya ardhi. Watu waliuawa, nyumba zikachomwa, na maelfu wakakimbia makao yao. Mwenye kuhesabu mashamba na magunia asingaliiona hatari hiyo mapema. Lakini angaliuliza, "Ugomvi wa shamba mwaupeleka kwa nani? Na hukumu yake mwaikubali?" huenda angalisikia kamba zikikatika.

Basi, enyi wazazi, kipimo hiki hakihitaji karani wala mashine. Jioni moja ulizaneni nyumbani: mwaka huu tumemsaidia nani kuusimamisha mti wake? Na mafuriko yakitufikia sisi, nani atakuja? Kidole kimoja hakivunji chawa. Na asiye na jibu la swali la pili, na aanze kesho kulitengeneza la kwanza.