"Malaika" si Wimbo wa Arusi

Msomaji mpenzi, kama ulikwenda arusini hata mara moja mwaka huu, bila shaka uliusikia wimbo wa "Malaika". Hapa Bagamoyo hauna msimu. Maarusi wakishatoka kanisani na kuketi, kijana mwenye vipaza sauti huupiga, akina mama wakashangilia kwa vigelegele, na wazee wakatikisa vichwa. Mimi nami nilikuwa nikitikisa changu. Siku hizi siwezi, na sababu yake ni hii.

Mimi ni karani wa parokia, ingawa watu huniita Mwalimu kwa kuwa nilisomea ualimu. Wachumba huja kuandikishwa, kisha majina yao hutangazwa kanisani Dominika tatu. Mwaka jana alinijia kijana mmoja afanyaye kazi kwenye mashamba ya chumvi. Alikuja peke yake. Majina yao yalikwisha kutangazwa mara mbili. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Mwalimu, la tatu lisisomwe." Mahari haikutimia. Mvua ziliiharibu chumvi, kibarua kikasimama, na wazee wa msichana walikuwa wamechoka kungoja. Nilichukua kalamu nikapiga mstari juu ya majina yao.

Jioni ile jirani yangu alifungua redio, nayo ilikuwa ikiimba "Malaika". Nilikuwa nimeusikia tangu utoto, lakini siku ile ndipo nilipoyafuata maneno yake. Nawe yafuate, utaona. Anayeimba si bwana arusi. Ni kijana anayempenda msichana kwa moyo wote, naye hana fedha za kumwoa. Arusi haimo kabisa katika wimbo huo.

Sahani ya santuri iliyoueneza Afrika ya Mashariki ilikuwa ya Fadhili William, mtu wa Taita kule Kenya, aliyeuimba mjini Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wengi walimjua yeye kuwa ndiye mtungaji. Lakini Adam Salim, Mtanganyika aliyeishi Nairobi, alidai kuwa aliutunga yeye mwaka 1945, kwa ajili ya msichana ambaye wazazi wake hawakukubali amwoe. Wako na wengine waliodai. Sisi makarani twaijua sana taabu ya jambo lisiloandikwa siku ile ile lilipotokea: baadaye kila mtu huja na shahidi wake! Basi mimi siamui kesi hiyo. Ila naona kwamba waligombea jina la mtungaji tu, na kisa kikabaki kile kile cha mtu maskini na mchumba aliyempotea.

Kisha wimbo ukavuka bahari. Mwaka 1965 Miriam Makeba wa Afrika ya Kusini na Harry Belafonte wa Marekani waliutia katika sahani yao, na mwaka 1966 sahani hiyo ikapewa tuzo ya Grammy kule Marekani. Makeba alikuwa amezuiwa kurudi kwao na serikali ya makaburu. Labda ndiyo maana kwake yeye nasikia kilio kuliko kwa wengine wote. Mwaka 1981 kundi la Boney M. la Ujerumani likaurekodi kwa namna yake, na kwao machozi yalikauka. Mwaka 1991 akaja Angélique Kidjo wa Benin, mwenye sauti ya kupasua mbingu. Fadhili William alifariki mwaka 2001, na wimbo unaendelea kuimbwa na watu wasiojua neno jingine la Kiswahili. Hao siwalaumu. Lakini sisi ni lugha yetu, tena twala pilau huku ukiimbwa.

Wazazi wenzangu, hapa mniwie radhi kidogo. Mahari ni heshima, wala sisemi iondolewe. Mimi mwenyewe nilitoa, na binti zangu nitawapokelea. Lakini nashika daftari, naona yale msiyoyaona ninyi. Naona mwaka ukipita, na wa pili, na hesabu haishuki hata shilingi, kana kwamba chumvi haiharibiki na samaki hukubali kuvuliwa kila siku. Mwingine huchoka akamchukua mwenzake bila ndoa, kisha sote twamnyoshea kidole.

Kijana yule wa chumvi bado yupo, na Dominika humwona amesimama nyuma karibu na mlango. Mwezi wa nane mama yake msichana alikuja kuchukua cheti cha ubatizo cha binti yake, apate kuolewa katika parokia nyingine. Nilikiandika kwa mwandiko wangu mzuri, nikapiga mhuri. Walimu wa kwaya waliokwenda arusini wamenieleza ilivyofana. Wanasema hata "Malaika" ulipigwa, tena mara mbili.