Utupa niliousifia

Kwa miaka 9 nilizungukia vikundi vya akina mama wa Mgeta, huku milimani Uluguru, nikiwafundisha kutwanga utupa, mmea uleule wa kuulia samaki mtoni. Unatwanga majani mabichi, unaloweka usiku kucha, unachuja, unatia kipande cha sabuni ya mche, asubuhi unanyunyizia kabichi. Vidukari kwisha. Na kila somo nililifunga kwa maneno yaleyale: "Haya ni majani ya Mungu, si sumu ya dukani." Nilikuwa nakamua kwa mikono mitupu. Kinu kilikuwa kilekile cha kisamvu, nilikisuuza tu.

Aliyenifunga mdomo ni mtoto wa kaka yangu, anasomea famasia. Alikuja likizo, akakaa kibarazani ananitazama nikitwanga.

"Shangazi, hivi utupa unamuuaje samaki?"

"Unamlevya."

"Haumlevyi. Hewa anaivuta, ila mwili unashindwa kuitumia."

Akanieleza kwamba ndani ya utupa mna rotenoni na ndugu zake, na kwamba karibu kila seli ina majiko madogo, mitokondria, ambayo rotenoni huyazima. Mwaka 2000 watafiti wa Atlanta, Marekani, waliwatia panya rotenoni mshipani kwa wiki kadhaa. Baadhi wakawa wazito, wakakakamaa. Kwenye seli za ubongo zinazotengeneza dopamini yakakutwa mabonge ya protini iitwayo alfa-sinukleini. Protini hiyo kila mtu anayo, na ina kazi yake kwenye ncha za neva. Ikijikunja vibaya hunatana na wenzake, kama uji uliotiwa unga moto ukiwa umekolea: bonge moja likishika, linavuta mengine. Mabonge ya namna hiyo ndiyo huonekana katika ubongo wa waliougua Parkinson.

Hapo nikaacha kutwanga. Baba yetu, babu yake huyu kijana, alianza kutetemeka kidole gumba cha kulia, kisha mkono, hadi chai ikawa inammwagikia. Sisi tulisema uzee. Jirani mmoja alisema karogwa. Tulipofika hospitali tukaambiwa ni Parkinson, na kwamba mtetemo unapoonekana seli nyingi zimeshakufa zamani. Baba alinyunyizia utupa ujana wake wote, akanyunyizia na dawa za dukani. Kipi kilimponza, au kama si chochote kati ya hivyo, siwezi kusema, na sitaki mtu anisemee.

Nilibisha, kwa kweli. Panya alichomwa sindano, mimi nanyunyizia kabichi! Na rotenoni haidumu juani. Kijana akakubali yote mawili, kisha akanitajia wakulima wa Iowa na North Carolina: utafiti wa mwaka 2011 uliona waliowahi kutumia rotenoni au parakwati, dawa ya magugu, walikuwa na Parkinson karibu mara 2.5 kuliko wasiotumia. "Hao hawakuchomwa sindano, Shangazi."

Kikundini nilirudi nikasema nilikosea. Kazi kweli. Mama mmoja akanijia juu: "Sasa mwalimu, tuache viwavi vile?" Sikumwambia aache. Nilimwambia glavu, kitambaa puani, asisimame upande upepo unakoelekea, watoto wasikamue. Na mtoni utupa usitiwe kabisa.

Kile kinu nimekipiga rangi nyekundu, kinakaa nje ya banda. Cha kisamvu nimenunua kipya.